Mwonjaji wa Kujiteua

Wiki iliyopita niliwaacha njiani Kitai, basi limeharibika, mimi natoka Dar es Salaam kwenye maonyesho ya Sabasaba, mfukoni nina kadi ya Dada Loveth na tumboni nina uongo.

Kwa aliyekosa gazeti, nafupisha. Kikundi chetu cha wakulima wa kahawa, huku milimani juu ya Mbinga, kilitutuma watu wawili tukatafute mnunuzi: mwenyekiti wetu Mzee Methodi, na mimi Alphonce, kwa kuwa nimefika kidato cha nne na nina mdomo. Siku ya nne akasimama mbele ya meza yetu Dada Loveth, mnunuzi wa kampuni ya kupeleka kahawa nje. Akachota punje kiganjani, akauliza, "Kahawa yenu ina ladha gani?"

Sikujua. Kwetu hakuna anayejua. Kahawa tunailima, tunaichuma, tunaimenya, tunaiosha, tunaianika, tunaiuza. Kunywa, tunakunywa uji.

Banda lililotazamana na letu walikuwa wanauza manukato. Nikasoma tangazo lao juu ya kichwa cha Dada Loveth, nikamjibu, "Ina harufu ya maua, na inakaa mwilini kutwa nzima."

Akacheka. Akauliza mwonjaji wa kikundi ni nani.

Nikasema ni mimi.

Hapo ndipo dhambi ilipoanzia, na ningeungama kwa paroko yakaisha kimyakimya, lakini paroko naye ni mwanachama wa kikundi.

Jumapili baada ya misa wanachama wote kumi na wawili walijaa ghalani kusikiliza taarifa ya safari. Mzee Urban akakaa mbele kabisa. Mzee Urban ndiye aliyepinga mimi kutumwa, na alikuwa hajabadili msimamo.

"Umetuletea nini?" akauliza.

"Taarifa, mzee."

"Taarifa tunazo. Redio inatuletea kila siku saa mbili."

Nikamwaga mfuko mezani. Kalamu kumi na moja, kofia tatu za karatasi, kalenda ya mwaka ambao ulikuwa umeshafika nusu, vipande vya sabuni vidogo kama pipi, na vipeperushi vya kutosha kuezekea banda la mbuzi.

"Hivi walikupa bure?"

"Bure."

"Kwa nini?"

"Ndiyo maonyesho yenyewe, mzee. Unampa mtu kitu asichokihitaji ili anunue kingine asichokihitaji."

Watu wakacheka. Mimi nikicheka nao nasahau shida zangu, huo ndio ugonjwa wangu. Nikawasimulia kijana mwenye kipaza sauti anayekata vitunguu kwa mashine kutwa nzima, machozi yanamtiririka, mpaka mama mmoja akampa kitambaa na kumpa pole ya msiba. Nikawasimulia foleni ndefu niliyopanga nusu saa nikidhani wanagawa soda, kumbe ni foleni ya kwenda chooni.

"Uliwaambia habari za ngolo?" akauliza mtu wa nyuma.

"Niliwaambia sisi tunalima kwenye mashimo. Wakanipa pole."

"Ungewaambia mashimo ndiyo yanashika udongo mlimani."

"Niliwaambia. Bwana mmoja akasema watatuletea wafadhili watufukie."

"Na mwenyekiti alifanya kazi gani?" akauliza Mzee Urban.

Mzee Methodi akaanza kukohoa. Joto la Dar lilimshinda siku ya kwanza tu.

"Mwenyekiti alifanya kazi nzito," nikasema. "Alijaribu godoro."

Akaona bora aseme mwenyewe. "Nilikaa tu kidogo kwenye lile banda la magodoro. Nikapitiwa."

"Kwa muda gani?"

"Kama saa mbili hivi."

"Muuzaji hakumwamsha," nikaongeza. "Watu walijaa kumtazama anavyokoroma. Siku hiyo waliuza magodoro kuliko siku zote. Kesho yake wakaja kumwomba arudi."

Ghala zima lilicheka isipokuwa Edina. Edina ni katibu wetu, tumesoma darasa moja, na ananijua kama anavyojua sala ya Baba Yetu.

"Mnunuzi," akasema. "Mbona humtaji mnunuzi?"

Kabla sijafungua kinywa Mzee Methodi akasimama. "Mnunuzi amepatikana. Anakuja Jumatano. Ikimridhisha atachukua magunia yote ya kikundi kwa pamoja. Na aliyempata ni huyu huyu Alphonce. Huyo mama aliniambia mwenyewe kwamba kikundi chenye mwonjaji ni kikundi cha kuaminika."

"Mwonjaji nani?" akauliza Edina.

"Alphonce."

"Tangu lini?"

"Tangu Dar," nikasema.

Edina aliniangalia, akaandika kitu kwenye daftari lake, akakipigia mstari.

Nieleze kwa nini hakuna aliyecheka hapo. Tangu soko liachiwe huria, kila mwenye pikapu na mizani ni mnunuzi, na kila mizani ina dini yake. Wanachama walikuwa wameshachoka. Waliapa kwamba msimu huu mnunuzi wa maana asipopatikana, kila mtu atabeba gunia lake akauze barabarani anavyojua, na kikundi kife. Kwa hiyo Jumatano ilikuwa ndiyo siku ya kupona au ya kuzikwa. Na daktari ni mimi.

Jumatatu asubuhi nilikuta majogoo wawili mlangoni, wamefungwa miguu.

"Wa nani hawa?" nikamuuliza mama.

"Wameletwa na Mzee Urban. Warudishe."

"Mama, ni zawadi."

"Zawadi ya nini? Miaka ishirini nimeolewa hapa, Mzee Urban hajanipa hata salamu iliyokamilika. Leo kuku wawili. Warudishe."

Mama yangu, Walburga, ni mtu wa ziwani. Amezaliwa Mbaha, akaolewa huku milimani, na hadi leo kuna wanaomwita yule Mnyasa. Baba alipofariki alishika mashamba ya kahawa mwenyewe, na miezi mingine anateremka Mbaha kuchukua usipa mkavu anaouza sokoni Mbinga. Chumba chetu cha nyuma kina vitu viwili tangu nizaliwe: magunia ya kahawa na magunia ya dagaa hao wa Nyasa.

Nikawarudisha majogoo. Nilipofika nyumbani nikamkuta amekaa kwenye kigoda ananisubiri.

"Alphonce. Wewe unajua kuonja kahawa?"

"Nitajua, mama."

"Lini?"

"Kabla ya Jumatano."

Alinipa kikaango.

Nikakaanga kahawa siku hiyo mara tatu. Mara ya kwanza ikawa mkaa. Mara ya pili ikawa mkaa. Mara ya tatu niliiwahi, nikaitwanga, nikaichemsha, nikanywa kikombe kizima. Nilihisi kama nimelamba ndani ya bomba la moshi. Nikajiuliza Wazungu wana dhambi gani inayohitaji malipizi ya namna hii.

Jumatano saa nne Dada Loveth akafika na gari lake, dereva, jiko la gesi, kidude cha kukaangia kama ngoma ndogo, birika na vikombe vyeupe. Akawaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, mpaka wa mwisho, na hapo hapo wakampenda.

"Mwonjaji wangu," akaniambia. "Hujambo?"

"Sijambo, dada."

Kila mwanachama alitoa kopo moja la kahawa kutoka gunia lake. Walipanga foleni mbele ya Edina, naye akawa anapokea na kuandika. Niliitazama foleni ile vizuri kuliko nilivyowahi kutazama mtihani. Mama alisimama wa saba. Nyuma yake, wa nane, Mzee Urban.

Kahawa ikakobolewa maganda, ikakaangwa, ikasagwa, ikamiminiwa maji ya moto. Vikombe kumi na viwili vikakaa mezani vimebandikwa namba, hakuna jina. Majina anayo Edina peke yake.

Dada Loveth akachukua kijiko. Akachota cha kwanza, akakifyonza kwa sauti iliyosikika hadi nje, kama mtu anayevuta kamasi kanisani. Kisha akatema kwenye ndoo.

Wazee wakatazamana.

Nyie wa mijini labda hamtaelewa. Kwetu mtu akikukaribisha ugali una mchanga, unameza mchanga na unasema asante. Kutema chakula cha mtu mbele ya mwenyewe ni kumtukana yeye, mke wake na chungu chake.

"Ametema," Mzee Urban akasema taratibu. "Kahawa ya mtu, mwenyewe anaona."

Mzee Methodi akainuka. "Mama, utuwie radhi. Kama kuna ubaya, utuambie kwa mdomo. Usitufanyie hivyo."

Dada Loveth akaweka kijiko chini. "Mzee wangu, samahani, ningetangulia kueleza. Hii ndiyo kazi yenyewe. Nikivimeza vyote kumi na viwili sitalala mpaka Ijumaa. Ninatema chote, kizuri na kibaya, sibagui."

Wakaguna, wakakubali shingo upande. Akaendelea hadi cha kumi na mbili, huku mama mmoja kati ya wanachama akifumba macho kila mgeni anapotema. Alipomaliza akaandika kwenye karatasi, akaikunja, akaishika mkononi.

"Sasa," akasema, "mwonjaji wenu. Kuna kikombe kimoja hapa kina kasoro. Kimoja tu. Vingine ni kahawa nzuri, na kuna kingine ni nzuri sana. Lakini gunia lile moja likichanganywa na haya mengine, mzigo wote utanuka na utarudishwa. Alphonce anionyeshe. Tukilitoa, nachukua yaliyobaki leo leo. Asipoliona, basi kikundi hakina mtu wa kulinda kahawa yake, na mimi sitarudi."

Nikachukua kijiko.

Cha kwanza, chungu. Nikatema. Cha pili, chungu. Cha tatu, chungu na moto. Cha nne, cha tano, cha sita, zote kwangu zilikuwa mtu mmoja aliyebadili shati. Nilianza kuomba kwa watakatifu ninaowajua kwa majina.

Cha saba kikanigonga puani kabla hakijafika mdomoni, nikarudisha kichwa nyuma, na Dada Loveth akaniona.

Mbaha.

Ufukwe, jua, usipa umetandazwa mchangani, mikono ya mama ikinuka hivyo hivyo nikiwa mdogo. Hapo sikuhitaji shule wala mwonjaji. Mtu yeyote aliyelala nyumbani kwetu angekijua kikombe kile akiwa amefumba macho. Kahawa imelala na samaki, imebeba harufu yao.

Na wa saba kwenye foleni alikuwa mama.

Nitawaambia nilichofikiri, kwa sababu hapa nimekuja kuungama na si kujisafisha. Nilifikiri: nikisema saba, gunia la mama linatolewa mbele ya watu, na yule Mnyasa anakuwa ndiye aliyetaka kuwaharibia Wamatengo wa huku milimani kahawa yao. Hawatamsamehe. Nikafikiri tena: Mzee Urban ana ng'ombe, ana migomba, ana watoto wanaofanya kazi Songea. Gunia lake likikataliwa atanuna wiki mbili, basi. Kwamba cha saba kitabaki humo na kuharibu mzigo wote, hilo nililisukuma nyuma. Nikajiambia labda kikichanganyika hakitasikika.

Nikavipitia vilivyobaki hadi cha kumi na mbili ili nionekane na utaratibu. Nikafuta mdomo.

"Nane," nikasema.

Dada Loveth hakutikisika. "Una uhakika?"

"Ninao."

"Kina kasoro gani?"

"Kimechacha," nikasema. Neno hilo nilikuwa nimelisikia kwa muuza maziwa.

"Edina," Dada Loveth akasema, "namba nane ni ya nani?"

Edina akafungua daftari. Akapitisha kidole, akasimama, akapitisha tena.

"Walburga," akasema. "Mama yake Alphonce."

Nilidhani anatania. Edina hatanii akiwa na daftari.

"Si alikuwa wa saba?" likanitoka.

"Wa saba kwenye foleni. Namba nilizichanganya ili watu wasifuatilie." Akaniangalia. "Kumbe kuna aliyekuwa anafuatilia."

Ni yeye tu aliyenisikia, maana ghala lilikuwa limeshalipuka kwa maneno. Mzee Urban aliinuka, akavua kofia, akanijia mkono umenyooshwa.

"Kijana, nilikudharau," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilisema huyu ni mdomo mtupu. Mtu anayemtoa mama yake mzazi ili kikundi kipone, huyo si wa kudharau. Nipe mkono."

Nikampa. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akautikisa, na wazee wakapiga makofi. Mzee Methodi alikuwa anajifuta macho.

Nikamwinamia Edina. "Usipa wa mama uko wapi?"

"Kwa mwenyekiti. Tangu mlipokwenda Dar. Mama yako alisema msimu huu kahawa yake haitalala na samaki, akaomba kwa mke wa mwenyekiti pa kuweka. Kwani nini?"

"Na saba ni ya nani?"

Akaangalia daftari. Akaangalia kule Mzee Methodi alikokuwa anajifuta macho. Akalifunga daftari polepole.

Mama alikuwa amesimama. Watu wakampisha kwa heshima kidogo, ile heshima ya kumpisha mfiwa. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misa. Msimu mzima nilimwona akichambua kahawa ile punje kwa punje, akifunika vichanja kila ukungu ukishuka, akimkemea jirani aliyewasha moto karibu.

"Mimi sijui kuonja," akasema. Hakunitazama. "Mwanangu amesoma na amefika Dar. Kama amesema kahawa yangu ni mbovu, basi ni mbovu. Gunia langu litolewe, wenzangu wauze."

"Mama Alphonce, umekuwa muungwana," Mzee Methodi akasema.

"Litolewe tu," akarudia, akakaa.

Dada Loveth alikuwa bado ameshika ile karatasi yake. Akaikunjua, akaisoma peke yake, akaikunja tena. Kisha akasogeza kikombe cha nane mbele yangu kwa kidole kimoja.

"Onja tena," akaniambia. "Safari hii usiteme."

Nikanywa. Ilikuwa imeshapoa. Nikasubiri uchungu, haukuja peke yake. Kulikuwa na kitu kingine nyuma yake, kama utamu wa tunda bivu la mbuni tulilokuwa tunafyonza utotoni tukichuma, ukakaa ulimini na hauondoki. Nikanywa tena bila kuambiwa. Nikawa na kikombe kitupu mkononi.

"Sasa waambie watu hawa umeonja nini," Dada Loveth akasema kwa sauti ya chini. "Vyote viwili. Hiki, na kile unachokijua."

Ghala lote lilikuwa linanitazama. Mzee Urban akitabasamu. Mzee Methodi, ambaye gunia lake nusu saa iliyopita nililificha bila kujua ni lake, akiniitikia kwa kichwa kunipa moyo, kama baba kwa mwanawe.

Nikamtafuta mama kwa macho. Sasa alikuwa ananitazama. Akatikisa kichwa, kidogo sana, ninyamaze.

Nikafungua kinywa, nikaanza na kikombe cha saba.